Somo juu ya Usukani wa Trakta Ndogo ya Zamani

Trakta yenye injini dhaifu itasimama njiani, na mwenyewe atarudi nyumbani kwa miguu. Hasara yake ni ndogo. Lakini trakta ambayo usukani wake umelegea inakwenda fasi isiyotakiwa: inakanyaga miche, inaingia mtaroni, ao inateremka mteremko pamoja na mtu aliyekaa juu yake. Trakta hizi ndogo za zamani hazina chuma cha kumlinda dereva zikipinduka. Kwa hiyo ninyi mnaozishika, someni maneno haya polepole, tena someni mkiwa mbele ya trakta yenyewe.

Tutwae mfano wa trakta moja, ili tusiseme maneno ya hewani. Ni ile inayoitwa Cub Cadet, iliyotengenezwa na kampuni ya International Harvester katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1961, na injini yake ilikuwa ya nguvu ya farasi 7. Ni trakta ya bustani: inakata majani, inalima mashamba madogo ya mboga, na katika nchi za baridi inasukuma theluji. Mwaka 1981 kampuni hiyo iliuza kazi ya Cub Cadet kwa kampuni nyingine, lakini zile za zamani, za rangi ya manjano na nyeupe, nyingi zinafanya kazi hata leo. Chuma chake ni kinene, na mtu mwenye subira aweza kuzitengeneza kwa mikono yake. Zilizo nzee kabisa zimepita miaka 60. Hakuna kiungo cha chuma kinachogeuka miaka 60 bila kulika.

Kwanza jueni sehemu zake, tangu mikono ya dereva mpaka udongo. Dereva anashika gurudumu la usukani. Chini yake kuna mti wa chuma unaoshuka ndani ya bomba mpaka sanduku la usukani. Ndani ya sanduku, mwisho wa mti ule, kuna parafujo kubwa yenye mfereji unaozunguka. Katika mfereji huo limeingia jino moja la chuma, nalo ni ncha ya buloni (wengine husema bolti) iliyofungwa katika mkono wa sanduku. Dereva akizungusha gurudumu, parafujo inazunguka, mfereji unalisukuma jino, na mkono unakwenda mbele ao nyuma. Mkono unavuta fimbo ndefu inayokwenda mpaka magurudumu ya mbele. Fimbo hiyo imeshika mkono wa nguzo moja. Nguzo ni chuma kilichosimama katika tundu la mwisho wa ekseli, nacho ndicho kinachogeuka pamoja na gurudumu. Fimbo ya pili inaunga nguzo ya kuume na nguzo ya kushoto, ili magurudumu mawili yageuke pamoja. Ncha za fimbo zina viungo vya tufe, sawasawa na kiungo cha nyonga ya mtu: tufe ndani ya kikombe. Ekseli yenyewe imeshikwa katikati kwa pini moja nene, ipate kupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine ikifuata ardhi.

Hesabuni viungo hivyo. Kila kimoja kikilegea kidogo tu, ulegevu wote unajumlishwa na kufika mikononi mwa dereva. Hapo dereva husema, "Sanduku limekufa." Anatwaa ufunguo, anakaza buloni ya jino kwa nguvu zake zote, na siku mbili tatu anafurahi. Nyuma yake usukani unakuwa mzito, parafujo inapasuka kingo zake, na sasa sanduku limekufa kweli. Yeye ndiye aliyeliua. Ugonjwa ulikuwa chini, penye nguzo na viungo vya tufe, na huko hakuangalia hata mara moja, maana kuna matope, naye alikuwa na suruali safi.

Kanuni ya kazi hii ni moja: anza udongoni, panda juu, na usikaze kitu chochote kabla ya kupima. Sanduku ni la mwisho.

Namna ya kupima

Watu wawili wanatosha. Trakta isimame fasi tambarare, injini imezimwa, magurudumu ya mbele yanatazama mbele sawasawa, yakiwa chini udongoni yenye kubeba uzito. Ukiinua trakta kwanza, viungo havitabeba kitu, navyo vitakudanganya. Funga kipande cha kitambaa juu ya gurudumu la usukani kiwe alama, na simamisha kijiti karibu nacho. Mtu mmoja azungushe usukani polepole sana, kwanza upande mmoja mpaka ulegevu uishe, kisha arudi upande mwingine. Wa pili alale chini na kutazama, naye aseme "Sasa!" kila mara anapoona kiungo kinaanza kwenda. Pimeni kwa sentimeta njia iliyopitwa na kitambaa.

Tuseme mmepata hivi. Kitambaa kimekwenda sentimeta 3 kabla mkono wa sanduku haujasogea. Kimefika 4, fimbo ndefu ikaanza kwenda. Kimefika 7, mkono wa nguzo ukaanza. Kimefika 12, na hapo tu gurudumu la mbele likageuka. Mnaona maana yake? Sanduku lina kosa la sentimeta 3. Kiungo cha nyuma cha fimbo kina 1, kiungo chake cha mbele kina 3, na nguzo ndani ya tundu lake ina 5. Mtu akikaza sanduku mpaka mwisho, ataondoa 3 na kuacha 9. Akitengeneza nguzo na kiungo cha mbele, ataondoa 8 bila kugusa sanduku. Andikeni hesabu hiyo katika karatasi. Mtaitaka tena mwisho wa kazi.

Kabla ya kuendelea, tazameni buloni zinazoshika sanduku katika mwili wa trakta. Mtu akizungusha usukani, sanduku lote lisisogee hata kidogo. Likisogea, kosa ni buloni zilizolegea ao chuma kilichopasuka penye matundu yake. Nimeona watu wakitafuta ugonjwa siku nzima, na ulikuwa buloni mbili tu.

Magurudumu na kitovu

Pimeni upepo wa mipira ya mbele. Mpira mmoja ukiwa mlegevu kuliko mwenzake, trakta inavuta upande ule, na hakuna ufunguo wa kutengeneza jambo hilo, pampu inatosha. Tazameni uso wa mpira pia. Mpira wa mbele wenye mbavu zinazozunguka unakata udongo na kushika njia. Mpira uliolika ukawa laini unateleza juu ya majani maji, hata usukani uwe mpya namna gani.

Tena, kama umefunga jembe zito ao mzigo nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na magurudumu yanagusa udongo bila kuushika. Ugonjwa huo si wa usukani. Weka uzito mbele.

Sasa inueni. Wekeni magogo mbele na nyuma ya magurudumu makubwa, kisha inueni upande mmoja kwa jeki chini ya ekseli, na kuweka gogo imara chini yake. Jeki ni ya kuinua tu, si ya kubeba. Mtu asiingize kichwa chini ya chuma kinachoshikwa na jeki peke yake. Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likitikisika, tazameni kama nguzo inatikisika pamoja nalo. Kama nguzo imetulia, kosa ni beringi za kitovu. Zitoeni, muoshe kwa petroli taa, mzungushe kwa kidole. Beringi inayokwaruza ao yenye kutu haina dawa, ibadilisheni. Kazi hii ni rahisi na bei yake ni ndogo.

Nguzo na matundu ya ekseli

Hapa ndipo ugonjwa mkubwa wa trakta hizi. Ekseli ya Cub Cadet ni chuma cha kuyeyusha na kumiminwa, na nguzo inageuka ndani ya tundu lake. Grisi ikikosa, mchanga unaingia, na mchanga pamoja na maji ni sawasawa na tupa: unasugua mchana kutwa. Tundu haliliki kwa mviringo. Linalika mbele na nyuma, juu na chini, likawa na umbo la yai, kwa sababu gurudumu linapogonga jiwe linasukumwa nyuma, na nguzo inalala.

Toeni nguzo. Ikikataa kutoka, msiipige ekseli kwa nyundo kubwa. Chuma cha kumiminwa hakipindi, kinavunjika. Mwagieni mafuta mepesi, ngojeni usiku mzima, kesho mgeuze huku na huku mkiivuta. Ikitoka, ifuteni na kuipima kwa kalipa fasi tatu: juu, katikati, chini. Katikati mara nyingi haikulika, nayo itawaonyesha unene wa zamani. Kama juu na chini ni pembamba kuliko katikati, nguzo nayo imelika.

Kama tundu limelika na nguzo ni nzima, fundi mwenye mashine apanue tundu liwe la mviringo tena, na kuingiza bushi ya shaba nyeusi yenye tundu la kipimo cha nguzo. Apanue akifuata mstari wa zamani wa tundu. Akipanua kwa mkono bila kushika ekseli imara, tundu litalala, na gurudumu litalala nalo siku zote. Bushi ikiisha kuingia, toboeni njia ya grisi ndani yake, inayolingana na tundu la grisi la ekseli. Watu wengi husahau, na grisi inagonga ukuta wa bushi pasipo kuingia. Kama nguzo imelika, badilisheni nguzo. Bushi mpya juu ya nguzo nyembamba ni kazi ya bure.

Wengine hukunja bati jembamba la mkebe na kulitia katikati ya nguzo na tundu. Bati hilo linashika siku chache, kisha linakatika vipande na kuziba njia ya grisi. Mtu aliye mbali na fundi aweza kufanya hivyo ili amalize mavuno yake, wala simlaumu. Lakini asiseme ametengeneza.

Nguzo ikirudi fasi yake, tazameni kama inapanda na kushuka. Rondela nene chini ya ekseli hubeba uzito. Zikilika, ongezeni nyingine, mpaka nguzo isipande na kushuka lakini igeuke kwa urahisi. Tazameni pia namna mkono ulivyofungwa katika nguzo. Kama umeshikwa kwa pini, na pini imelika, mkono utasogea na nguzo itabaki, ijapokuwa tundu ni jipya.

Pini ya katikati ya ekseli

Jambo hili wengi hawalijui. Ekseli kupanda upande mmoja na kushuka upande mwingine si kosa, imetengenezwa hivyo. Lakini ekseli kwenda mbele na nyuma ni kosa baya. Shikeni mwisho wa ekseli, mvute mbele, msukume nyuma. Kama inakwenda kwa kiasi cha upana wa kidole, basi trakta yenu inajigeuza yenyewe. Kwa nini? Kwa sababu fimbo ndefu imeshikwa nyuma katika sanduku, na sanduku halisogei. Ekseli ikirudi nyuma upande mmoja, nguzo inarudi, lakini fimbo inaushika mkono wake palepale. Kwa hiyo gurudumu linageuka bila dereva kufanya neno. Njia ikiwa na mashimo, trakta inayumba kama mlevi, na dereva anazungusha usukani kuume na kushoto akidhani kosa ni lake.

Toeni pini, mpime. Pini iliyolika ibadilishwe. Tundu lililolika litiwe bushi kama lile la nguzo. Kama kuna nafasi kati ya ekseli na mabati ya mwili yanayoishika mbele na nyuma, tieni vipande vyembamba vya chuma mpaka nafasi iishe, lakini ekseli iweze kupanda na kushuka bado. Kisha grisi.

Fimbo na viungo vya tufe

Hapa tutapita upesi. Shika kiungo mkononi, mwenzako atikise usukani. Kidole kitasikia ulegevu kabla jicho halijauona. Viungo vingine vya zamani vinafunguka na kukazwa. Vingine vimefungwa kabisa, na vikilika vinabadilishwa. Tazama pia kama fimbo imepinda kwa kugonga kisiki. Fimbo iliyopinda inyooshwe ao ibadilishwe, maana imekuwa fupi, na magurudumu hayatazami tena fasi moja. Kabla ya kufungua kiungo, hesabu mizunguko ya uzi wake na kuandika hesabu, ili ukirudishe palepale.

Sanduku

Sasa, na sasa tu, njooni kwenye sanduku.

Pimeni tena kwa kitambaa. Kama mkono wa sanduku unaanza kwenda baada ya sentimeta 1 ao 2, liacheni sanduku lipumzike, mlitie grisi tu. Usukani wa zamani usio na ulegevu wowote si jambo jema. Mara nyingi umekazwa kupita kiasi.

Kama ulegevu ni mwingi, jueni kwamba ndani ya sanduku kuna fasi mbili za kulegea, si moja. Ya kwanza ni mti wa usukani wenyewe. Umeshikwa na gololi za chuma juu ya parafujo na chini yake. Gololi na vikombe vyake vikilika, mti unapanda na kushuka ndani ya bomba, na kila unapopanda kidogo, mfereji unalikimbia jino. Shikeni gurudumu la usukani kwa mikono miwili, mlivute juu na kulisukuma chini. Likipanda na kushuka, kosa ni hilo. Ya pili ni jino ndani ya mfereji. Ukikaza jino kabla ya kutengeneza gololi, unalisukuma jino liugandamize mti usiosimama sawa, na vitu vyote viwili vinalika upesi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Legezeni ekru (nati) inayofunga buloni ya jino, mrudishe buloni nyuma mizunguko kadhaa, jino lisiguse parafujo. Kisha tafuteni kizibo kikubwa chenye uzi kinachokaza gololi. Kimefungwa kwa pini ya miguu miwili. Nyosheni miguu yake, itoeni, mkaze kizibo kidogokidogo huku mtu akizungusha usukani. Simameni pale ambapo mti haupandi wala haushuki, nao bado unazunguka kwa kidole kimoja. Mkisikia mikwaruzo kama ya mchanga, gololi zimevunjika ao vikombe vimelika. Fungueni sanduku, mbadilishe. Kama ni shwari, rudisheni pini, tena iwe mpya. Pini ya zamani iliyokunjwa mara tatu itakatika.

Nyuma yake tazameni mkono wa sanduku. Umeshikwa na buloni yake na ekru mbili, na kati ya mkono na sanduku kuna nafasi ndogo. Katika Cub Cadet za namna hii nafasi hiyo isipite 3/32 ya inchi, ni kama milimita 2 na nusu. Ikiwa kubwa zaidi, mkono unainama, na jino linatoka katika mfereji wakati dereva anapogeuza kwa nguvu. Kazeni ekru ya ndani mpaka nafasi iwe sawa, kisha mfunge kwa ekru ya nje.

Sasa jino. Zungusheni usukani mpaka mwisho wa upande mmoja, kisha mhesabu mizunguko mpaka mwisho wa upande mwingine. Rudini nusu yake. Hapo ndipo katikati, na hapo tu ndipo jino linakazwa. Sababu yake ni hii. Trakta inakwenda mbele sawasawa saa nyingi kuliko inavyogeuka, kwa hiyo mfereji unalika katikati zaidi, na ncha zake mbili zinabaki karibu nzima. Ukikaza jino usukani ukiwa umegeuzwa, fasi nzima ya mfereji, ukirudi katikati utapata ulegevu uleule. Na kama katikati imelika sana, ukikaza mpaka ulegevu uishe kabisa hapo, usukani utakwama ukigeuza. Usukani unaokwama wakati wa kugeuka ni hatari kuliko ule unaocheza. Dereva anaingia mpindo, usukani unashika, haurudi.

Kazeni buloni ya jino kwa ufunguo mfupi mpaka msikie uzito mdogo tu mnapopita katikati. Shikeni buloni isigeuke, mfunge ekru. Zungusheni tangu mwisho mpaka mwisho. Uzito uwe katikati, wepesi uwe pembeni, na kusiwe fasi yoyote ya kukwama. Kama inakwama pembeni, legezeni kidogo, na kuvumilia ulegevu mdogo wa katikati mpaka mpate parafujo nyingine.

Kuna alama moja zaidi. Mtu anakaza jino, usukani unakuwa mzito, lakini ulegevu haupungui. Maana yake ncha ya jino imelika pembeni ikawa butu, nayo sasa inasugua chini ya mfereji badala ya kugusa kuta zake mbili. Toeni buloni, mtazame ncha yake. Ikiwa bapa, nunueni buloni mpya ya jino. Bei yake ni ndogo sana karibu na bei ya parafujo, na jino butu likiachwa litakula parafujo.

Kama ni lazima kutoa gurudumu la usukani ili kufungua sanduku, jihadharini. Miaka mingi ya kutu imelishika juu ya mti. Msipige ncha ya mti kwa nyundo huku mkivuta gurudumu: kila pigo linashuka mpaka katika gololi na kutoboa vikombe vyake. Fungueni ekru bila kuitoa yote, mtie mafuta, ngojeni, kisha tumieni chombo cha kuvutia gurudumu. Nimeona sanduku zima likiharibika kwa mapigo sita ya nyundo, na gurudumu halikutoka.

Grisi ya sanduku

Grisi ngumu haifai ndani ya sanduku hili. Parafujo inaikata njia na kuisukuma pembeni, nayo inabaki pembeni kama udongo wa mfinyanzi. Katikati hakuna kitu. Fungueni sanduku lililokwama, mtaona grisi nyingi ukutani na kutu mferejini. Tieni grisi laini, ile ya namba 0 ao 00, inayotiririka polepole na kurudi yenyewe juu ya parafujo. Mafuta mepesi ya injini nayo hayafai, yatavuja yote usiku mmoja. Lakini nguzo, pini ya ekseli na viungo vya tufe vyenye tundu la grisi vinataka grisi ya kawaida. Tieni mpaka grisi ya zamani, nyeusi, itoke nje pamoja na mchanga, kisha mfute. Mkifanya kazi ya matope ao ya vumbi jingi, tieni kila siku ya kazi, si kila mwezi.

Kulinganisha magurudumu

Viungo vyote vikiisha kutengenezwa, magurudumu ya mbele hayatazami tena kama zamani, kwa hiyo ni lazima kuyalinganisha. Trakta isimame tambarare, iende mbele hatua mbili, isirudi nyuma. Pimeni upana kati ya mipira miwili upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu. Pimeni tena upande wa nyuma kwa kimo kilekile. Upana wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita 3 hivi. Trakta ikisukuma magurudumu udongoni, yanafunguka kidogo na kuwa sawa. Mkiyaacha yafunguke mbele, kila moja litataka kwenda njia yake, trakta itatangatanga, na mipira italika upesi. Fimbo inayounga nguzo mbili ndiyo inayorefushwa ao kufupishwa. Ikiisha kuwa sawa, fungeni ekru zake.

Zipo trakta nyingine za miaka hiyo zisizo na parafujo na jino. Zile za Wheel Horse, kwa mfano, zina kipande cha gurudumu la meno, chenye umbo la pepeo, kinachosukumwa na gurudumu dogo la meno mwisho wa mti wa usukani. Huko msitafute jino la kukaza. Tazameni meno ya katikati kama yamelika, na kama chuma kinachoshika mti kimelegea hata meno yakaachana. Lakini kazi ya chini, ya nguzo, ekseli na viungo vya tufe, ni ileile.

Kujaribu

Kwanza kwa kitambaa na kijiti tena. Twaeni ile karatasi, mwandike hesabu mpya kando ya ile ya zamani. Kama zamani ilikuwa 12 na sasa ni 3, mmefanya kazi. Kama ni 8, kuna kiungo mliruka. Karatasi itawaonyesha ni kipi.

Kisha dereva mmoja peke yake aiendeshe fasi tambarare na wazi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Asipakie mtoto juu ya tope la gurudumu, leo wala siku nyingine. Aachie usukani kidogo na kuona kama trakta inavuta upande. Ageuze kabisa kuume, kisha kushoto, na kusikiliza. Apite juu ya ubao uliolazwa chini, gurudumu moja tu, na kuona kama usukani unampiga mikono. Baada ya saa moja ya kazi azime injini, ashuke, na kugusa ekru zote tulizofunga, moja moja, kwa ufunguo: ile ya jino, zile mbili za mkono, zile za fimbo, na buloni za sanduku. Chuma kipya na chuma cha zamani vikikaa pamoja mara ya kwanza, daima iko ekru moja inayolegea. Akiisha kuifunga hiyo, aweza kuipeleka trakta mtelemkoni.